Meno Mawili ya Bi Mize

Palikuwa na sultani mmoja, jina lake Badi, aliyetaka kutafuna kwa meno ya mtu mwingine. Msinicheke mimi, mchekeni yeye. Yake mawili ya mbele yalikwenda na mfupa wa mbuzi karamuni, na tangu siku hiyo kila amri aliyoitoa ilitoka na mluzi. Akisema "Mkamateni," askari wanauma midomo wasicheke, mwizi naye anapata nafasi ya kutoroka.

Akaletwa tabibu wa ng'ambo. Tabibu akasema dawa ipo: jino zima la mtu hai hung'olewa na mzizi wake, taya la mgonjwa likatobolewa, jino likapandwa humo, mfupa ukalishika, likakaa kama la kuzaliwa nalo. Kilichobaki ni kuyapata hayo meno.

Na mji mzima ulijua yako wapi. Bi Mize, mjane, aliuza miwa sokoni wala hakuwa na kisu. Alimenya kwa meno, kwa madaha, watu wakanunua kwa kupenda kumtazama tu. Meno hayo ndiyo yaliyompa riziki. Asubuhi moja askari wakamchukua, muwa bado mkononi, wakamfikisha barazani mbele ya watu. Alipoona koleo la tabibu, aliogopa. Lakini ulimi wake haukuwa na kawaida ya kuogopa pamoja naye.

"Bi Mize," akasema Sultani kwa mluzi, "nimekuchagua. Meno yako mawili ya mbele yatakaa kinywani mwangu."

"Unayanunua, Bwana?"

"Sultani hanunui kwa muuza miwa."

"Basi wataka nikupe zawadi?"

"Sipokei zawadi ya maskini. Yatapandwa kwangu, basi. Hiyo ni heshima tosha."

Hapo Bi Mize akaona upenyo.

"Kumbe. Hukununua, nami sikukupa. Basi ni mali yangu iliyopandwa kwenye kiwanja chako, kama ile minazi yako iliyomo viwanjani mwetu."

Watu wakainua vichwa. Maana katika mji ule mnazi ni wa aliyeupanda, hata ukiwa uani kwa mtu mwingine, na minazi ya Sultani ilijaa katika nyua za watu. Wakwezi wake waliingia wapendapo, hata mwenye nyumba akiwa anaoga.

"Mwenye mnazi huomba ruhusa kuingia?" akauliza Bi Mize.

"Haombi," Sultani akajibu kabla hajafikiri.

"Basi nami sitaomba. Kila asubuhi nitakuja kuyakagua. Nikiyakuta machafu nitayasugua. Na nyama ngumu usiyatafunie, Bwana, ni mali ya watu."

Baraza zima likaguna. Sultani akavimba.

"Natangaza sheria mpya. Kilichopandwa kwangu ni changu."

"Itangaze, Bwana. Na kilichopandwa kwetu?"

Kule nyuma mtu mmoja akamuuliza jirani yake kwa mnong'ono kama ana panga la kukatia madafu. Sultani akamsikia, akaimeza sheria yake ikiwa mbichi. Tabibu naye akashusha koleo.

Sultani akainama mbele, akasema polepole, na safari hii hakuna aliyeucheka mluzi wake.

"Na nikikunyonga yakishapandwa? Maiti hana mnazi."

Bi Mize aliogopa, kweli aliogopa. Akapiga goti kwa adabu.

"Kweli, Bwana, maiti hana mali. Ana warithi. Mimi nina wana saba, na haijatokea siku wakagawana hata muwa bila kukunjana mashati. Na mirathi, kama ujuavyo, hugawiwa pale mali ilipo. Hebu fumbua kinywa tuone kama watatosha."