Kiboko na Plastiki ya Muhogo

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Na mto!
Mto wa nani?
Wa anayejidai!

Basi tegeni masikio, na wewe wa nyuma acha kutafuna.

Hapo kale Kiboko alikuwa na mto mzima, mwili mzima na mdomo wa kumeza mtumbwi. Kitu kimoja tu hakuwa nacho: sifa. Sifa zote zilikuwa za Kindi, kinyama kidogo cha kuenea kiganjani, aliyekaa ukingoni kwenye jua akichemsha wanga wa muhogo. Aliutia siki, akautia asali, akaukoroga, kwata kwata kwata, akaumwaga juu ya jani la mgomba, akauanika. Mara ya kwanza ulipasuka, pa! Mara ya pili ulinata, nyuki wakakwama. Mara ya tatu ukakubali, ukawa plastiki nyororo, unaona jua upande wa pili.

Juu ya plastiki hiyo Kindi alichora kwa masizi, manjano na maji ya majani. Alitega tone la maji kwenye tundu la jani, akachungulia, na kitu kidogo kikawa kikubwa.

Siku ya kwanza Kiboko akatoa pua.

"We Kindi, hicho nini?"

"Mguu wa mbu, bwana mkubwa."

Wanyama wakasema, "Lo!" Wivu ukamchoma Kiboko. Akazama, gubuu!

Siku ya pili akatoa pua.

"We Kindi, na hicho?"

"Ndani ya jani, bwana mkubwa. Tazama vyumba vyake."

Wanyama wakasema, "Lo, lo!" Wivu ukamchoma zaidi. Akazama, gubuu!

Huko chini akajaribu na yeye. Akakoroga tope, akalimwaga, akangoja likauke. Ndani ya maji, jamani! Likabaki tope.

Siku ya tatu Bi Korongo, mkubwa wa ukingo, akatangaza: "Kesho adhuhuri nakuja kutazama. Mwenye kazi nzuri kuliko zote, ukingo wa jua ni wake."

Kindi akaingiwa na hofu, maana pasipo jua lile plastiki haikauki, inaota ukungu. Kiboko jua hakulitaka hata kidogo, linampasua ngozi. Alichotaka ni Kindi asilipate.

Asubuhi akapanda ukingoni, ndi! ndi! ndi!

"We Kindi, lete kazi yako kubwa kuliko zote. Ukikataa nakukanyaga, wewe na chungu chako."

"Chukua, bwana mkubwa. Jifunge kama shuka, itakukaa. Ila jua lisikupige sana, rangi zitapauka."

"Unanifundisha?"

"Aa, nakutakia mema tu."

Kiboko akajifunga. Ilimfika mabegani tu, lakini alijiona bwana harusi. Jua likapanda. Ngozi ikamwasha. Akavumilia, akavumilia. Bi Korongo haonekani.

"Nichovye mgongo kidogo," akasema, "na rangi zisipauke."

Akazama, gubuu!

Plastiki ikalowa. Ikalegea. Ikawa uji. Samaki wakaja, nywi! nywi! nywi!

Adhuhuri Bi Korongo akaita, "Kiboko, kazi yako iko wapi?"

Kiboko akatoka, mgongo mtupu. Samaki ndio waliojibu: "Ilikuwa tamu, bibi! Hakuna nyingine?"

Wanyama wakacheka mpaka wakashikana mbavu.

"Na wewe, Kindi?"

Kindi akafunua plastiki ndogo. Katikati palikuwa na kidude cha kijani, mizizi imetambaa kila upande, imeubana moyo.

"Nini hiki?"

"Wivu, bibi. Nimeuchungulia siku mbili kwenye tone langu. Kila siku ulikuwa unatoa pua."

Bi Korongo akatazama sana. "Ukingo ni wako," akasema.

Kiboko naye akautazama mchoro. Akajiona mle ndani, mzizi kwa mzizi. Machozi yakamlengalenga.

"Kindi," akasema taratibu, "kwa nini wewe ndiye uliyeuchora vizuri hivi?"

Akazama, gubuu!

Funzo, wanangu: wivu ni mbaya sana, isipokuwa kwa samaki. Na kazi ya mwenzako usiibe. Lakini ukishaamua kuiba, muulize kwanza kama inaoga.

Ngano yangu nimeianika hapa. Mvua ikinyesha, si yangu tena.