Furushi la Njia ya Mlimani

Paukwa!

Pakawa!

Itikeni kama watu walioshiba. Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo kale palikuwa na mwanamke jina lake Mbodze. Alikuwa na dada mmoja tu, Dama, aliyeolewa ng'ambo ya mlima. Siku moja ikaja habari kwamba Dama ana uchungu siku ya pili, na hajajifungua.

Basi Mbodze akakimbilia kwa mganga. Mganga akampa mizizi. "Achemshiwe anywe leo, kabla jua halijatua. Likitua, usijisumbue."

Mbodze akaitia mizizi katika mkoba mmoja, akauvaa mgongoni, akaondoka peke yake. Hakuchukua hata nguo ya kubadili.

Hakufika mbali, shangazi yake akamwona. "Mbodze, unakwenda kwa Dama? Mpelekee mwanangu kibuyu hiki cha asali."

"Shangazi, nina haraka. Dama anakufa."

"Kibuyu kimoja tu! Au siku hizi una kiburi?"

Mbodze akaona haya, akakichukua. Mbele kidogo jirani akamtwika mtama. "Kikapu kimoja tu!" Akaona haya, akakichukua.

Hivi watu hawa walikuwa na akili gani? Mtu anakwenda kuokoa roho, nyinyi mnamgeuza punda! Lakini ndivyo tulivyo, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Basi akafika chini ya mlima. Kando ya njia palikuwa na furushi, na sauti ya mzee ikatoka vichakani. "Mjukuu wangu, nipandishie furushi hilo. Mimi nakuja nyuma polepole. Furushi moja tu."

Mbodze akatazama jua. Akaona haya, akajitwika.

Akapanda. Furushi likazidi uzito. "Babu, linanilemea!"

"Vumilia, mjukuu wangu. Mtu mwema hatui."

Akapanda. Shingo ikauma. "Babu, linanilemea!"

"Vumilia, mjukuu wangu. Mtu mwema hatui."

Akapanda. Magoti yakatetemeka. "Babu, linanilemea!"

"Vumilia, mjukuu wangu. Mtu mwema hatui."

Mara hii sauti haikutoka nyuma. Ilitoka kichwani pake, ndani ya furushi! Akatazama kando ya njia, akaona mifupa ya watu, na kila mmoja mizigo yake bado iko juu yake. Kumbe lilikuwa zimwi. Halikuweza kumla mtu aliyesimama. Lilingoja aelemewe, aanguke, ndipo limle.

Hofu haikumpata Mbodze. Alipandwa na hasira, hasira hasa.

"Mgongo ni wangu! Mkoba ni wangu! Safari ni yangu!"

Akalibwaga furushi. Akabwaga asali, akabwaga mtama. Furushi likapasuka, zimwi likatoka na mdomo mpana kama mlango. Lakini miguu, watoto wangu! Miguu ilikuwa kama ya kifaranga. Limebebwa na watu wema miaka mingi, limesahau kutembea.

"Nibebe!" likalia. "Unaniacha? Huna adabu!"

"Sina!" akasema Mbodze, akakimbia na mkoba wake mmoja.

Alifika jua likigusa vilele. Mizizi ikachemshwa, Dama akanywa. Mtoto akatoka. Hakulia. Wakampigapiga, wakamwita, hakulia.

Kisha akatoka mwingine, maana walikuwa mapacha. Huyo akalia, akalia sana, na Dama akapona.

Mkunga akamfunika yule wa kwanza. "Mchana alikuwa akicheza tumboni," akasema. "Nilimsikia kwa mkono wangu."

Mbodze akamchukua mtoto aliyenyamaza, akatoka naye uani, akasimama mbele ya watu wote. "Msiseme zimwi limemuua," akasema. "Zimwi nimelitupa. Huyu nimemuua mimi, kwa kuona haya kusema sitaki."

 

Hadithi yangu naikata hapo, anayetaka tamu zaidi akalambe sukari. Msafiri mwacheni aende na mkoba wake mmoja. Na wewe msafiri, ukitwikwa usichokiweza, kataa. Akinuna, na anune.