Mgongo wa Kiboko na Uji wa Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama walioshiba. Haya, tegeni masikio.

Hapo zamani za kale palikuwa na mto mpana. Soko lilikuwa ng'ambo, na mvushaji alikuwa Kiboko peke yake. Unampa tita la majani, unapanda mgongoni, chubwi, chubwi, umefika. Nauli ile ile kwa kila mnyama.

Sokoni Kanga aliuza uji wa mtama, mzito, mtamu. Fisi naye aliuza uji, ila wake majimaji. Wateja wote kwa Kanga.

Fisi akamwendea Kiboko. "Bwana mkubwa, nitakuletea majani kila asubuhi. Anayekuja kwangu mvushe bure. Wa Kanga alipe."

"Majani mabichi?"

"Yana umande!"

"Basi nimekubali."

Kulipokucha, Kiboko akanguruma: "Kwa Fisi bure! Kwa Kanga lipa!"

Wee! Swala mbio, Ngiri mbio, na Sungura mbele yao, mjanja gani yule! Kanga akakoroga chungu, akangoja. Hakuja mtu. Vifaranga wake wakalia njaa, naye akazima moto. Mimi iliniuma.

Fisi alipobaki peke yake akatia mchanga kwenye uji. Kra! Kra! Bakuli likawa kikombe, na kwa kikombe akadai matita mawili ya majani. Kumbe majani ya Kiboko walikuwa wakiyatoa wateja wenyewe!

"Mchanga huu!" akalia Ngiri.

"Hutaki? Nenda kwingine," akacheka Fisi.

Kwingine hakukuwako.

Kanga akaruka, puru puru, akatua walipojipanga wasafiri. "Kiboko, kazi yako kuvusha au kutuchagulia chungu?"

"Mgongo ni wangu!"

"Ni wako. Miguu ni yetu. Jamani, asipande mtu, si kwa bure, si kwa nauli."

"Tutakula nini?" akauliza Sungura.

"Kwani sasa mnakula nini, si mchanga?"

Wakaketi. Wakatafuna mizizi michungu, hawakupanda. Fisi hakupata mteja, Kiboko hakuletewa jani. Tumbo lake likanguruma kumshinda mwenyewe.

"Pandeni! Nauli moja, uende kwa Fisi, uende kwa Kanga!"

"Na kesho?" akauliza Kanga.

"Na kesho, na mtondo!"

Kanga akawasha moto, vifaranga wakala. Na Fisi? Alionekana akichekecha unga, jasho linamtiririka.

Basi, mwenye njia asimpendelee muuzaji mmoja. Nawe ukiambiwa bure, uliza anayelipa ni nani. Rahisi ghali.

Hadithi yangu imeishia hapo, kila mtu na bakuli lake.