Kengele ya Lipumbani Isiyo na Jina

Hadithi hii aliisimulia kwanza bibi yetu, Gaudensia Kapinga, Agosti 1991, tulipokuwa uani tukianika kahawa. Ni ya yubilei ya Parokia ya Lipumbani, miaka minne kabla ya hapo.

Siku hiyo walikuja watu elfu sita. Misa ilikuwa uwanjani, kanisa lilikuwa ng'ambo ya mto, na katikati palikuwa na daraja la miti. Kazi yote waliifanya watu sitini waliojitolea, chini ya katekista Leodgar Ndunguru.

Watatu kati yao walijulikana kwa vipaji vyao. Osmunda alikuwa na jicho: kundi la mbuzi likimpita mbio, atakwambia ni wangapi na yupi anachechemea. Batholomeo alikuwa na sauti: akianza kuimba, hata aliyenuna huitikia. Editruda alikuwa na kipaji kisichosifiwa: alijua nani hajala, na tangu saa ngapi.

Paroko alikuwa ametangaza kwamba kengele mpya ya kanisa itapewa jina la mmoja wa waliojitolea, na Leodgar ndiye atakayemchagua.

Lakini Leodgar alikuwa amekosea. Orodha ya zamu na orodha ya kwaya aliziandika kwa pamoja, na watu wa zamu ya mchana akawaweka pia kwenye kwaya. Ilipotimia saa sita walikuwa wamevaa majoho, wanaimba. Wa asubuhi hawakuwa na wa kuwapokea.

Osmunda alikuwa darajani tangu alfajiri, akihesabu wanaovuka. Thelathini wapite, wengine wangoje, thelathini tena. Saa saba alifungua kitambaa alichofunga mkononi, alama ya waliojitolea.

"Katekista, mimi si nguzo ya uzio. Naenda kula."

Leodgar hajajibu, Editruda akatokea na ndoo ya uji kichwani. "Kunywa, wifi. Kama ni kutukana, tukana umeshiba."

Osmunda akacheka, akanywa vikombe viwili, akafunga tena kitambaa chake.

Ndipo Editruda akamvuta Leodgar pembeni. "Mama yangu ana homa, na nyumbani hakuna mtu. Naomba nikamtazame."

"Mzunguko mmoja tu, dada. Wale wa getini hawajaonja kitu."

Editruda akajitwisha ndoo, akaenda getini.

Saa nane mvua ikashuka. Uwanja mzima uliinuka kukimbilia kanisani. Osmunda aliona nguzo ya katikati ya daraja ikiinamia maji, wakati wengine wote walikuwa wakitazama mawingu. Akawapungia waliokuwa darajani wamalizie kuvuka, kisha akajilaza mlangoni pa daraja. "Limevunjika!" akapiga kelele, nalo lilikuwa bado. Wa mbele walimkanyaga, mguu ukavunjika mara mbili, lakini wakasimama.

Wa nyuma hawakuona kitu, wakazidi kusukuma. Batholomeo akapanda juu ya pipa, akaanzisha litania ya watakatifu. Kila jina alilotaja, umati ulijibu, "Utuombee." Na mtu anayeitikia litania hasukumi. Majina yakamwishia, akaanza upya. Aliimba muda wa saa nzima katika mvua ile ya baridi. Alipokuwa akirudia mara ya tatu, daraja lilichukuliwa na maji, tupu. Kifua kilimshika usiku ule ule, na sauti yake haikurudi tena.

Editruda alifika nyumbani na ndoo tupu. Mama yake alikuwa amekwisha kata roho, mwili umepoa, mkono umenyooka kuelekea kikombe.

Baada ya mwezi paroko alitaka jina. Leodgar alianza kwa Osmunda.

"Bila ule uji ningekuwa nimeondoka," alisema Osmunda. "Lakini mguu uliokanyagwa ni wangu."

Batholomeo alimnong'oneza, "Kengele ikiitwa kwa jina langu, nitakuwa na sauti tena."

Mwishowe akaenda kwa Editruda. Editruda ndiye aliyeanza kusema. "Jina langu liache. Andika la mama, Skolastika. Asubuhi ile nilitaka kubaki. Akaniambia, 'Nenda, watoto wa watu watashinda njaa.'"

"Dada, mzunguko ule..."

"Nilikwenda kwa miguu yangu, Katekista. Usininyang'anye hilo."

Leodgar alirudi na karatasi nyeupe. Akimchagua Osmunda au Batholomeo, je, atakuwa anamkwepa Editruda? Akiandika Skolastika, je, ni shukrani, au ni yeye anayetaka kulala usingizi? Kengele ikabarikiwa bila jina, na Leodgar akaifanya karatasi ile alamisho katika kitabu chake cha sala.

Bila uji, darajani pasingekuwa na mtu. Bila jicho, mtu huyo asingeona. Bila sauti, kuona kwake kusingefaa kitu. Na bila mama yule kusema nenda, uji usingepikwa. Ninyi mnaosikiliza, mngeiandika kengele ile jina la nani? Semeni, lakini msikawie. Batholomeo alizikwa 1994. Leodgar alizikwa 2003, na karatasi yake. Walio hai ni wawili: Osmunda, anayetembea kwa mkongojo, na Editruda, ambaye kengele ikilia huweka chini chochote alichoshika.