Miguu ya Zubeda Chini ya Vibao

Mtazama vibao huungua miguu.

Nimemsikia Mwajabu akikutupia maneno hayo, Kassimu, ulipokuwa unashusha nyongeza ya saba kwenye gemu lako, nawe ukamjibu kwamba hiyo si methali, ni maneno ya mtaani. Sasa mmenijia wote wawili niwaamulie. Basi kaeni. Ni methali, na chanzo chake nakijua vizuri kuliko ninavyopenda, kwa kuwa aliyefanya kosa ni mimi mjomba wenu, Singano, mwenye akili zake timamu na cheti cha kompyuta ukutani.

Ilianza hivi. Wakati ule nilikuwa na duka la intaneti pale Lushoto, karibu na soko. Kompyuta sita, moja mbovu. Siku za juma watu walikuja kupiga fotokopi na kujaza fomu za vyuo, lakini Jumapili kuanzia saa tisa alasiri duka lilikuwa letu, watu watano wa Kundi la Ukungu. Tulicheza gemu moja la mtandaoni ambalo kila mtu ana kazi yake. Kaniki, fundi bomba, alikuwa ngao, yaani anasimama mbele na kupigwa kwa niaba ya wengine. Mapacha wawili wa gereji walikuwa wapiga panga. Mimi nilikuwa mpiga mishale, tena nikijisifu kidogo. Zubeda Shekalaghe alikuwa mganga wetu. Sisi tukiumia yeye anatuponya, na mganga akifa, kundi zima halina dakika mbili.

Lazima niwaambie Zubeda alikuwa nani, la sivyo mtaona ni mchezo tu. Alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, baba yake amepooza upande mmoja, na yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani, akimlisha na kumwogesha. Jumapili alasiri shangazi yake alikuja kukaa na mgonjwa. Zile saa tatu ndizo pekee katika wiki nzima ambazo Zubeda alikaa na watu wa rika lake akacheka. Aliwahi kuniambia hivyo mwenyewe, bila kujionea huruma, huku anafuta kioo cha kompyuta namba nne, aliyoizoea.

Sasa, katika gemu lile tukafika kwa jitu linaloitwa Mfua Moto. Lina nyundo. Likiipiga chini, sakafu inakuwa nyekundu chini ya miguu ya mmoja wenu, muda wa kusema bismillahi, kisha moto unalipuka hapohapo. Dawa yake ni rahisi mno: unasogea hatua mbili pembeni. Basi.

Zubeda akawa hasogei, maana macho yake yote yalikuwa kwenye vijistari vidogo mno vya uhai wetu pale pembeni ya kioo. Anaponya vizuri, mkono mwepesi, hakuna anayekufa, halafu ghafla yeye mwenyewe anawaka kama kibatari na sote tunamfuata kaburini. Jumapili ya kwanza tukacheka. Kaniki akasema, "Ndiyo maana wazee walinena mganga hajigangi." Jumapili ya pili hakuna aliyecheka.

Hapo ndipo nilipoingia mimi mtaalamu.

Gemu lile, kama hili lenu, linakuruhusu kuweka nyongeza, vile visanduku vya kuongeza habari juu ya kioo. Sisi tuliviita vibao. Kipo cha kuonyesha uhai wa wenzako, kipo cha saa ya kuhesabu nyundo itapigwa lini, kipo cha kuonyesha nani kapiga sana na nani mvivu, vipo hata vya kupamba tu. Unachagua mwenyewe. Mimi nikasema, ya nini kuhangaika kuchagua? Nikatafuta mtandaoni picha ya kioo cha mganga mmoja mashuhuri wa nchi za mbali, mtu anayetazamwa na maelfu, nikanakili vibao vyake vyote kumi na kimoja, kimoja baada ya kingine, nikavipanga kwa Zubeda. Sikumwuliza yeye anahitaji nini. Nilimwambia tu, "Dada, sasa umekuwa wa kimataifa."

Tatizo ni kwamba yule bwana alikuwa na kioo kipana kama meza ya kulia chakula, na kioo cha namba nne ukikiweka magotini kinakutosha. Vibao havikuenea. Nikavisukuma huku, nikavibana kule, mwisho vikabaki vinne vikubwa havina pa kukaa. Nikaona pale katikati, chini kidogo, pana nafasi nzuri haina kazi. Hapakuwa na kitu pale ila miguu ya Zubeda tu. Nikavipachika hapo.

Kassimu, usicheke bado.

Jumapili ya tatu akaungua. Nikasema anahitaji kibao cha kumwonya. Nikaongeza kinachoandika MOTO kwa herufi nyekundu, nacho nikakiweka hapohapo juu ya vingine ili akione vizuri. Jumapili ya nne kikaandika MOTO bila kusema ni chini ya nani, naye maskini akaruka hatua mbili, kutoka mahali palipokuwa salama mpaka katikati ya moto wa pacha mmoja. Wakafa wote wawili. Nikaanza kutafuta kibao kingine. Kila alipoungua niliongeza, na kila nilipoongeza aliungua mapema zaidi, lakini mimi sikuona uhusiano wowote. Niliona tu kwamba binti huyu ni mzito wa kujifunza, na nina aibu hata leo kwamba niliwahi kulisema hilo mbele ya Kaniki.

Wenye gemu wakatangaza kuwa mlango wa Mfua Moto utafungwa Jumapili inayofuata saa kumi na mbili jioni. Asiyepita amekwama, wenzake watakwenda nchi ya mbele bila yeye. Kaniki hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kazi. Bomba likivuja anabadilisha bomba. Siku ile alivua vidude vya masikioni akasema mbele yetu sote, "Zubeda, mimi sifichi. Nimepata mganga wa Moshi, yuko tayari. Jumapili tunajaribu na wewe mara nne za mwisho. Ukianguka zote, namwita yeye na tunaendelea naye moja kwa moja."

Zubeda akasema, "Sawa, kaka." Akachukua mkoba wake akaenda kwa baba yake. Mapacha walikuwa wanatazama vidole vyao. Mimi nilijisikia vibaya, nikaamua kumsaidia kwa njia niliyoijua, yaani kumtafutia kibao cha kumi na tatu.

Jumapili ikafika. Saa kumi na moja na nusu tulikuwa tumekwisha kufa mara tatu, kwa njia ileile. Zubeda alikuwa amekikodolea kioo macho, na mimi nimeinama juu ya bega lake napachika hicho kibao changu kipya. Wakati huo akaingia Mama Kiluwa, muuza matunda wa pale sokoni, na beseni lake la mapeasi, amekuja kutoa fotokopi ya cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Nikamwambia asubiri kidogo. Akasimama nyuma ya Zubeda, akatazama.

"Mwanangu," akasema, "mnafanya nini humu? Mbona naona maandishi matupu?"

"Tunapigana na jitu, mama," Zubeda akamjibu.

"Jitu liko wapi?"

"Lile pale, nyuma ya kile kibao. Nyundo yake ile inachomoza."

"Haya. Na wewe uko wapi?"

Zubeda akashika kipanya amwonyeshe. Mshale ukaenda katikati ya kioo, ukazunguka, ukarudi, ukasimama.

"Niko hapa chini," akasema taratibu.

"Chini ya nini?"

"Chini ya hivi vibao."

Mama Kiluwa akaguna. "Ee! Mimi nikibeba beseni hili kichwani, angalau miguu yangu naiona. Haya Singano, fotokopi yangu, soko linafungwa."

Nikampa karatasi zake akaondoka, na mpaka leo hajui alichofanya. Niliporudi nilimkuta Zubeda anafuta vibao. Kimoja, cha pili, cha tatu.

"Hicho usitoe!" nikapiga kelele. "Hicho ni muhimu!"

"Muhimu kwa nani, kaka Singano? Kwa yule wa kwenye picha?"

"Kinahesabu nyundo."

"Nyundo ni kubwa kuliko nyumba yetu. Likiinyanyua nitaiona." Akafuta. "Na hiki?"

"Kinaonyesha nani kapiga sana."

"Hicho kiache bwana," pacha mmoja akasema.

"Kinamponya nani?" Zubeda akauliza. Akafuta.

Kaniki akageuka kwenye kiti chake, mishipa ya shingo imemtoka. "Zubeda, dakika ishirini zimebaki! Mtu anavua ngao vitani?"

"Ngao ni wewe, kaka Kaniki. Mimi natafuta miguu yangu."

Alibakiza viwili tu. Kibao cha uhai wa wenzake, maana hicho bila nyongeza kilikuwa kidogo mno kwa macho ya binadamu, akakipeleka pembeni kushoto na kukipunguza unene. Cha pili hakikuwa hata na umbo, ilikuwa kengele inayolia Kaniki akibakiwa na uhai kidogo. Kile cha MOTO alikifuta pia, nikaumia moyo, nilikitafuta kwa siku tatu. Kisha kioo kikawa wazi, na tukamwona mtu wake wote, toka kichwani mpaka chini.

"Jamani!" Zubeda akasema. "Kumbe nina viatu vya bluu!"

Mwezi mzima alikuwa navyo. Mapacha wakaangua kicheko, na hata Kaniki alikohoa namna ya kuficha.

Tukaingia. Nyundo ya kwanza ikashuka, sakafu ikawa nyekundu chini ya vile viatu vya bluu, na Zubeda akasogea hatua mbili kama mtu anayekwepa dimbwi la maji. Moto ukalipuka patupu. Sikuamini, karibu nisahau kupiga mishale yangu. Nyundo ya pili akasogea. Ya sita, ya kumi, anasogea na kuponya, anasogea na kuponya. Pacha mmoja akafa kwa uzembe wake mwenyewe, tukaendelea wanne.

Jitu likabakiwa na uhai kidogo sana, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Likampiga Kaniki mapigo mawili mfululizo, kengele ikaanza kulia. "Niponye! Zubeda, niponye!" Kaniki anapiga kelele. Papo hapo sakafu ikawa nyekundu chini ya Zubeda. Dawa ile ya kumwinua Kaniki ilimtaka asimame tuli. Zamani angesimama, kwa kuwa asingejua. Sasa alijua. Nilimwona ameng'ata mdomo. Kengele inalia, Kaniki anamwita, dakika nne zimebaki mlango ufungwe, na mganga wa Moshi yuko huko kwao anasubiri ujumbe. Zubeda akasogea kwanza. Hatua mbili, wala hakukimbia. Moto ukawaka nyuma yake. Ndipo akasimama, akamponya Kaniki aliyekuwa amebakiwa na uhai mwembamba kama uzi.

Pigo la mwisho la jitu likamkuta Kaniki mzima. Pigo la mwisho la pacha aliyebaki likaliangusha jitu.

Nawaambia ukweli, Zubeda akaweka paji la uso juu ya meza, mabega yakawa yanatikisika, na hatukujua analia au anacheka mpaka alipoinua uso tukaona ni vyote viwili. Mimi mzigo wa wiki tano ulinitoka kifuani nikahisi hata duka limekuwa kubwa. Kaniki alichukua simu yake, akaandika huku anasoma kwa sauti ili sote tusikie: "Ndugu yangu wa Moshi, samahani, nafasi imejaa." Kisha akamgeukia Zubeda. "Dada, nisamehe. Nilisema tatizo ni wewe."

"Si wewe peke yako," Zubeda akasema, akanitazama mimi. Nikainama kama ninatafuta kitu chini ya meza. Nilimwomba radhi nikiwa hukohuko chini, na yeye akanisamehe, akaniambia niinuke nisije nikajigonga.

Tukaagiza chai na mandazi. Zubeda alisema Jumapili ijayo atawahi zaidi, shangazi amekubali kuja saa nane. Alisema hivyo kwa furaha kiasi kwamba mapacha wakaanza kugombania nani atakaa karibu naye. Na mimi, wanangu, binadamu hajifunzi kwa siku moja. Nikiwa na andazi mdomoni nikakumbuka nilichokuwa nimekisoma asubuhi.

"Lakini Zubeda," nikasema, "kwa ajili ya hiyo nchi ya mbele kuna kibao kimoja kipya, kizuri ajabu, kinakuonyesha..."

Hakuningoja nimalize. Akanyanyua kikombe chake, akanicheka usoni, akasema maneno ambayo kesho yake yalikuwa gereji, keshokutwa yako sokoni, na leo yamewafikia nyinyi humu ndani bila mimi kuyaleta:

"Kaka Singano, mtazama vibao huungua miguu."