Gunia la Bi Mwanaidi

"Gari hupimwa mwenyewe yumo." Ndivyo nilivyowaambia nilipopita na sinia la chai, nanyi mkacheka, mkaniuliza bibi kaitoa wapi hiyo. Haya, wekeni simu chini. Msemo huu ulizaliwa hapa hapa Lushoto, uani kwa jirani yangu Mzee Hoza, na uzi uliotumika ulikuwa wangu mimi, fundi cherehani.

Mzee Hoza alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Mkewe, Bi Mwanaidi, magoti yalimgomea, ngazi za basi hakuziweza tena. Dada yake wa pekee alikuwa kule mjini Soni, mgonjwa, na miaka miwili walikuwa hawajaonana. Basi mzee akaapa: "Nitakuundia gari langu mwenyewe, la chini, utakaa kama unavyokaa kitandani."

Akaliunda kweli, mwaka mzima, kwa mabomba aliyoyachomelea na injini ya gari bovu. Watu walimwita kichaa. Mimi nilimwonea wivu Bi Mwanaidi, nasema kweli. Marehemu babu yenu hakuwahi kuniundia hata kigoda.

Siku ya safari waliondoka vizuri. Kwenye mteremko wa kwanza gari likaanza kuvuta kushoto, kwenye korongo! Mzee alipambana na usukani, lakini kilichowaokoa ni jiwe lililozuia gurudumu. Bi Mwanaidi alirudi kwa miguu, analia.

Mzee akapima upya magurudumu ya mbele. Alivuta uzi wangu ubavuni mwa gari, kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, aone kama la mbele limenyooka. Na kwa kuwa gari likibeba watu hushuka kwa uzito na kuyageuza magurudumu, aliweka vitini magunia mawili ya mchanga, moja badala yake, moja badala ya mkewe. Uzi ukakaa sawa. Akilijaribu na gunia la mkewe, linanyooka. Akimpakia mkewe hapo mtaani tu, kushoto! Watu wakaanza kutania kwamba gari limemkataa mke.

Maneno yakamfikia. "Basi, Hoza," Bi Mwanaidi akasema. "Dada yangu nitaonana naye akhera."

Mzee hakula siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa nimemshikia uzi, Bi Mwanaidi akatokea na kikombe cha uji.

"Gunia hilo la nini?"

"Ni wewe," mzee akajibu.

"Mimi! Kilo ngapi?"

"Hamsini."

"Nani kakwambia?"

Hakuna aliyemwambia mzee. Uzito wake yeye alikwenda kuupima mashineni, kwenye mizani ya mahindi. Wa mkewe alikumbuka tu. "Si ndio uzito uliokuwa nao nilipokubeba tukavuka mto, siku tulipooana?"

"We Hoza! Miaka thelathini na minane na watoto sita!" Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha machozi yakamtoka. "Yule msichana uliyembeba hayupo, mume wangu. Mimi nipo. Toa mchanga wako, unipime mimi."

Gunia likatolewa, akaketi. Gari likashuka upande wake, na pale pale nikaona gurudumu limegeuka, limeachana na uzi kwa unene wa kidole.

"Subhanallah," mzee akasema, akaingia chini na spana. Akawa anazungusha rodi ya usukani kidogo kidogo, mkewe kitini anakunywa uji na kumwamrisha, mpaka uzi ukagusa sawasawa.

Kesho yake walifika Soni. Bi Mwanaidi alikaa na dada yake siku nne, wakalala kitanda kimoja kama walivyolala utotoni. Dada akafariki mwezi ule ule. Lakini walikuwa wameonana.

Tangu hapo, ukimpangia mtu jambo lake kwa kumkisia, hata kama unampenda, mtaa huu utakuambia msemo ule.

Na nyinyi, wajukuu zangu, tangu asubuhi mmejifungia sebuleni mnapanga nihamie kwa nani Tanga, nilale chumba gani, cherehani yangu apewe nani. Najua mnanipenda, nami nawapenda. Ila hakuna hata mmoja aliyeniita. Haya, Mhina, sogea hapo, nipishe kiti. Nimekaa. Anzeni upya.

Gari hupimwa mwenyewe yumo.