Msimamizi Asiye na Ufunguo

Mtu mmoja alikuwa na kituo cha kukusanyia maziwa huko milimani, na mwenyewe aliishi mbali. Kituoni aliweka kompyuta ya kupimia maziwa na kutoa lebo, maana dereva wa lori la baridi hapakii dumu lisilo na lebo. Kompyuta hiyo aliifunga, na alikuwa na sababu. Zamani kila mfanyakazi aliingiza alichotaka, nyimbo, michezo, hata virusi, mpaka mizani ikashindwa kusoma. Basi mwenye mali akaamuru kisiingizwe kitu kipya ila kwa neno la siri. Neno hilo akampa mwanamke mmoja wa mjini, Sekela, aliyeweza kuifungua mashine akiwa huko huko mjini. Namba ya Sekela akampa Ambakisye, msimamizi wa kituo, akamwambia, mashine ikikataa, ampigie.

Ambakisye hakumwambia mtu. Kituoni msimamizi alikuwa mmoja, na alipenda iwe hivyo.

Ikafika asubuhi programu ya zamani ikagoma. Dereva alikuwa amekuja na mpya kwenye flashi, akamkabidhi Tusekile, binti mpya wa ofisi aliyekuwa bado kwenye majaribio. Nje wanawake walikuwa wamepanga madumu yao tangu alfajiri, na dumu la mama yake Tusekile likiwa miongoni. Binti akachomeka flashi, akabonyeza. Kompyuta ikaandika: Huna ruhusa. Muone msimamizi.

Akaenda kumwona msimamizi. Angefanya nini tena? Ndivyo alivyoambiwa.

Ambakisye alijua mara moja ni msimamizi gani anayetakiwa: yule wa mashine, aliye mjini. Namba ilikuwa mfukoni mwake. Lakini wanawake walikuwa wakimtazama, na kukiri mbele yao kwamba si yeye aliona ni sawa na kuvuliwa nguo sokoni. Akasema ameruhusu. Binti akarudi, akabonyeza, mashine ikakataa. Msimamizi akaja mwenyewe, akaandika jina lake pale palipotaka neno la siri, akaliandika tena kwa herufi kubwa. Akaamuru izimwe iwashwe. Mwisho akaandika kibali, akakipiga mhuri, akampa binti mkononi ili baadaye asilaumiwe kwamba alimkatalia. Mnacheka? Chekeni taratibu, maana mihuri ya namna hiyo imejaa hata humu ndani.

Jua likapanda. Kivuli cha paa kikayaacha madumu ya mbele. Dereva akawasha lori, akapiga honi, akasema maziwa aliyokwisha kupakia kwingine hayawezi kumngoja mtu. Mwanamke mmoja akafungua dumu, akanusa, akafunga tena. Wenzake wakaanza kuuliza kwa sauti ni nani anayewaozeshea maziwa. Ambakisye akajibu kwamba kompyuta ni nzima, ila binti huyu hajui kazi. Naye binti akaamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko maziwa: aliamini. Alifuata neno kwa neno alichoandikiwa, akaambiwa yeye ndiye ubovu.

Wanawake wakamgeukia. Mama yake akainamisha uso. Tusekile akavua koti la ofisi, akalikunja, akaliweka juu ya kile kibali chenye mhuri, akamwendea Ambakisye, akapiga goti.

“Baba, naomba ruhusa niende nyumbani.”

Ambakisye akamtazama pale alipopiga goti. Tangu asubuhi alikuwa akigawa ruhusa asiyokuwa nayo. Hii aliyoombwa sasa alikuwa nayo kweli, na ilikuwa nyepesi kutoa. Angetikisa kichwa tu, na binti angeondoka na aibu yote, na yeye angebaki na cheo chake. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, lakini hawakusema mshindo huo humwangukia nani.

Mkono wake ukaingia mfukoni, ukatoka na simu. Akasema mbele ya wote, “Msimamizi anayetakiwa si mimi.”

Akapiga. Sekela akapokea, akauliza jambo moja tu, kwa nini hawakumpigia mapema, kisha akaifungua mashine kutoka huko aliko. Kabla chai haijapoa, programu ilikuwa imeingia na lebo zinatoka. Madumu ya kivulini yakapakiwa. Yale ya juani yakamwagwa mtaroni, na la mama yake Tusekile lilikuwa mojawapo. Binti akavaa koti lake, akaendelea kupima, machozi yakimtiririka, na hakuna aliyemwomba radhi isipokuwa Ambakisye.

Ndugu zangu, ninyi ambao watu huletwa kwenu wakiwa wameambiwa, “Muone msimamizi”: ni maziwa ya nani yanachachuka juani wakati huu, kwa sababu umeshindwa kusema, “Si mimi”?